Mkufunzi Anayejiendeleza: Istilahi za Kukuza Taaluma katika Vyuo vya Wananchi

Tuseme kwamba barua imemfikia mkufunzi wa useremala anayekaa Kasense, mojawapo ya kata za Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Barua hiyo inamtaka ahudhurie "warsha ya siku tatu ya uendelezaji endelevu wa kitaaluma wa wakufunzi wa vyuo vya jamii kuhusu uvumbuzi katika ufundishaji". Hakuna neno hata moja katika sentensi hiyo ambalo si la Kiswahili, wala sarufi yake haina kasoro. Hata hivyo mkufunzi wetu akiisha kuisoma hubaki na maswali manne. Vyuo vya jamii ni vyuo vipi? Je, katika warsha hiyo atashika randa na patasi, au atashika kalamu tu? Anatakiwa avumbue nini? Na mwishowe, je, yeye ndiye atakayejiendeleza, au ataendelezwa na watu wengine?

Kwa kuwa ni mtumishi mtiifu atakwenda. Ataketi, atasikiliza, ataandika jina lake katika orodha ya mahudhurio, na Jumatatu atarudi darasani kufundisha kupiga randa vilevile alivyofundisha mwaka jana. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini wafasiri na watumishi wa Serikali wataitambua barua hiyo, kwa maana huenda wamekwisha kuiandika au kuipokea.

Katika makala haya tutajaribu kueleza istilahi zinazohusu kukuza taaluma ya wakufunzi na kuleta mambo mapya katika ufundishaji. Hoja yetu ni moja. Lugha ya Kiswahili inayo tayari njia ya kumweka mkufunzi katika nafasi ya mtendaji wa maendeleo yake mwenyewe. Lakini tunapofasiri kwa haraka, aghalabu tunamgeuza kuwa mtendwa.

1. Chuo kipi?

Hatuna budi kuanza na jina la chuo chenyewe, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mwaka 1975 Serikali ya Tanzania ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Uswidi. Mfano uliofuatwa ulikuwa ule wa vyuo vya watu wazima vya nchi za Kaskazini ya Ulaya, ambavyo chimbuko lake ni mawazo ya Mdenmaki N. F. S. Grundtvig, cha kwanza kilifunguliwa Rødding, nchini Denmaki, mwaka 1844. Vyuo hivi havikukusudiwa kumtoa mwananchi kijijini kwake. Vilikusudiwa kumpa ujuzi wa ufundi, kilimo, ushonaji, upishi na uongozi, kisha arudi kuutumia. Leo vipo vyuo 54 vya Serikali, na kimojawapo kiko Chala, wilayani Nkasi, katika Mkoa wa Rukwa.

Kuna taasisi nyingine zilizoitwa Vyuo vya Maendeleo ya Jamii, kama kile cha Tengeru, mkoani Arusha. Hizi hufundisha maofisa wa maendeleo ya jamii, yaani watumishi wa taaluma hiyo. Majina haya mawili yanatofautiana kwa neno moja tu, lakini kazi zake ni mbalimbali kabisa. Na kama kwamba hayo hayatoshi, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilihamishwa mwaka 1990 kutoka wizara ya elimu kwenda wizara iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, kisha mwaka 2016 vikarudishwa katika wizara ya elimu. Kila wizara ina msamiati wake, na mkufunzi yule yule amejikuta akiandikiwa kwa misamiati miwili.

Tatu, wako wafasiri wanaokutana na vyuo vya Marekani ambavyo hupokea wakazi wa mahali kwa masomo ya miaka miwili, baadhi yao wakaendelea chuo kikuu na wengine wakaingia kazini. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901, ni mfano wa zamani wa vyuo hivyo. Kuviita hivi "vyuo vya maendeleo ya jamii" ni kumpotosha msomaji. Tunaona yafaa viitwe vyuo vya jamii, na jina la Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi libaki kwa vyuo vyetu tu. Mfasiri akitaka kuvilinganisha, na avilinganishe kwa maelezo, wala si kwa kuvipa jina moja.

2. Semina, warsha na msasa

Maneno tunayoyatumia kwa mikutano ya mafunzo ni mengi: semina, warsha, kozi, kongamano, mafunzo rejea. Mara nyingi hutumiwa kana kwamba yana maana moja, na barua huchagua neno lile linaloonekana la heshima zaidi.

Neno warsha lina kisa chake. Kwa Kiarabu warsha ni mahali pa kufanyia kazi za mikono, yaani karakana. Kwa hiyo mkutano uitwao warsha ungepaswa kuwa mkutano ambao watu hufanya kazi, wakatoka na kitu walichokitengeneza. Leo mtu huweza kuhudhuria warsha ya siku tano asifanye lolote ila kusikiliza hotuba na kunywa chai. Neno limebaki, nyundo imeondoka. Kwa mkufunzi wa useremala au uashi jambo hili si dogo, kwa sababu yeye ana karakana ya kweli, naye anajua tofauti ya mahali panapotoka vumbi la mbao na mahali pasipotoka.

Upo pia usemi wa kupigwa msasa. Husemwa kwamba walimu wamekwenda kupigwa msasa, au kunolewa. Usemi huu ni mzuri na asili yake ni ya hapa hapa kwetu: msasa ni mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi waliyatumia kusugulia mbao kabla ya karatasi za msasa za kiwandani kuingia. Lakini yafaa tuutazame kwa makini. Msasa hupunguza; hauongezi. Aidha ubao haujipigi msasa. Hulala mezani, fundi akausugua. Usemi huu basi unafaa kwa mafunzo rejea, ambayo kusudi lake ni kuondoa kutu na makosa madogo yaliyoingia kwa mazoea. Haufai kwa mafunzo ambayo kusudi lake ni kumwezesha mkufunzi kufikiri upya juu ya kazi yake.

3. Kuendelezwa na kujiendeleza

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Kutokana na kitenzi kuendelea tunapata kuendeleza, na kutokana na kuendeleza tunapata kuendelezwa kwa upande mmoja na kujiendeleza kwa upande mwingine. Maneno haya mawili ya mwisho yanapingana. Anayeendelezwa ni mtendwa. Anayejiendeleza ni mtendaji na mtendwa kwa pamoja.

Tunapounda nomino kwa kiambishi u- na kiishio -aji, kama katika ufundishaji na usafirishaji, tunapata uendelezaji. Katika safari hiyo fupi kiambishi -ji- cha kujitenda kimepotea. "Uendelezaji wa wakufunzi" waweza kusomwa kwa njia mbili: wakufunzi wanaendeleza, au wakufunzi wanaendelezwa. Ni kama vile "ufundishaji wa walimu" unavyoweza kuwa ni kazi ya walimu au ni kufundishwa kwao. Katika nyaraka za ofisi msomaji karibu daima huichukua ile maana ya pili. Hivyo mkufunzi amekwisha kuwa ubao wa kupigwa msasa kabla hajaondoka nyumbani.

Lugha yenyewe haikutaka hivyo. Tazama shina la kufunda. Kutokana nalo tuna kufunza, kufundisha, fundi, mwanafunzi, mafunzo, mafundisho na mkufunzi. Kungwi humfunda mwali. Methali nayo husema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Lakini lile tendo la kupata elimu hatuna kitenzi chake kingine cha kawaida ila kujifunza, yaani kujifundisha mwenyewe. Mswahili hawezi kusema kwamba amepata ujuzi bila kukiri, kwa kiambishi -ji-, kwamba na yeye alifanya kazi.

Neno taaluma linatupeleka huko huko. Kwa Kiarabu yako maneno mawili ya shina moja: taalimu, ambalo ni kufundisha, na taallumu, ambalo ni kujifunza. Taaluma yetu imetokana na hilo la pili. Kwa hiyo anayesema "kukuza taaluma" anasema, kwa asili ya neno, kukuza kujifunza. Hii si hoja ya kuwalazimisha watu watumie neno kwa maana ya asili yake, kwa sababu maneno husafiri na kubadilika. Ni kuonyesha tu kwamba njia mbili, ya Kibantu na ya Kiarabu, zimekutana mahali pamoja.

Wala wazo hili si geni katika siasa ya elimu ya nchi hii. Katika maandishi yake ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, bali hujiendeleza wenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, vijana wengi waliomaliza elimu ya msingi walifunzwa ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na uangalizi wa walimu wenyeji. Tunaweza kuhitilafiana juu ya ubora wa mafunzo hayo, lakini yalikuwa mafunzo kazini kwa maana halisi ya maneno hayo: kazi ilikuwa ndani ya mafunzo.

Siku hizi, katika shule za msingi na sekondari, upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, uitwao kwa kifupi MEWAKA, ambao unawakutanisha walimu shuleni mwao katika jumuiya za kujifunza. Jina jumuiya za kujifunza limechaguliwa vizuri, kwani lina -ji- ndani yake. Neno endelevu linahitaji maelezo. Limeundwa kama tulivu kutokana na kutulia, na potevu kutokana na kupotea. Leo linabeba mizigo miwili: katika "mafunzo endelevu" maana yake ni yasiyokoma, katika "maendeleo endelevu" maana yake ni yanayoweza kudumu bila kuharibu yatakayohitajiwa kesho. Mfasiri atazame ni mzigo upi uliomo katika matini yake. Pasipo na hakika, ni afadhali aseme "mafunzo yasiyokoma" kuliko kumwachia msomaji kitendawili.

4. Ubunifu, uvumbuzi na uzushi

Neno jingine linalosumbua ni lile linalotaja kuleta jambo jipya katika ufundishaji. Tunayo maneno manne yaliyo karibu karibu. Kuvumbua ni kukifichua kilichokuwapo lakini kimefichika, kama mtu avumbuavyo hazina. Kugundua ni kung'amua jambo lisilojulikana, pengine kwa ghafla. Kuzua ni kuleta jambo ambalo halikuwapo, na mara nyingi kwa ubaya; ndipo tukapata uzushi. Kubuni ni kufikiri na kuunda jambo kwa akili.

Kubuni ndilo linalofaa zaidi, na ubunifu umekwisha kuzoeleka. Lakini nalo lina upande wa pili. Hadithi ya kubuni ni hadithi isiyotokea, na mtumishi akiambiwa kwamba takwimu zake ni za kubuni, hajasifiwa. Kwa hiyo tunashauri itumike sifa -bunifu tunapotaka kusifu, kama katika "mbinu bunifu", na tuache "za kubuni" kwa yale yasiyo ya kweli. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini katika taarifa ya ukaguzi yaweza kuokoa jina la mtu.

Aidha ni kosa kuuita ubunifu kila kitu kilichonunuliwa. Chuo kilicholetewa kompyuta kimeletewa zana. Ubunifu huanza pale mkufunzi anapobadilisha jinsi ya kufundisha kwa sababu ameona kwamba njia ya zamani haikuwafikisha wanafunzi wake. Mfano hai upo katika vyuo vyenyewe. Kwa mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimewapokea wasichana na wanawake vijana waliokatishwa masomo, wengine wakiwa na watoto wachanga. Mkufunzi aliyezoea darasa la vijana wasio na mtoto hana budi kupanga upya saa za masomo, mazoezi ya karakana na hata namna ya kuuliza maswali, kwani aliye mbele yake ni mama. Hakuna mashine mpya hapo, lakini ubunifu upo.

5. Somo kutoka shamba la Ufipa

Turudi Ufipa, kwa maana mahali hapo panatupa mfano wa jambo jipya lililo la zamani. Wafipa tangu kale wamelima kwa kuinua vilima vidogo vya udongo, viitwavyo kwa lugha yao ntumba. Majani hukusanywa na kufunikwa kwa udongo, yakaoza humo, na juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata vilima husambazwa, na ulezi hupandwa katika udongo uliokwisha kurutubika. Wazee hao hao wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, na kazi hiyo iliendelea hata katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ujuzi huo haukuandikwa vitabuni. Ulipitishwa kazini, kutoka kwa fundi hadi kwa msaidizi wake.

Sasa mkufunzi wa kilimo anafundisha juu ya mboji na kurutubisha udongo kwa kijitabu kilichofasiriwa. Kijitabu kinasema "kilimo cha matuta". Lakini tuta ni neno pana. Hata la viazi ni tuta, nalo halina majani ndani. Mwanafunzi husikia habari za matuta na mboji kana kwamba zimetoka ng'ambo, naye asiseme kwamba bibi yake analijua jambo hilo. Mkufunzi akilitaja neno ntumba, darasa zima hugeuka: wanafunzi huanza kueleza, naye huanza kujifunza pamoja nao. Hapo istilahi moja imeleta ubunifu wa kufundishia ambao warsha ya siku tatu isingeuleta.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unaruhusu jambo hili. Kwanza hutafutwa neno katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo katika lugha za mbali zaidi. Kwa njia hiyo tulipata kitivo kutoka Kisambaa na ngeli kutoka Kihaya. Hatuoni sababu ya kuizuia ntumba ya Kifipa isiingie katika msamiati wa kilimo, kwa maana ya kilima cha udongo kilichofunika majani yanayooza. Na wakufunzi ndio walio karibu zaidi na maneno kama hayo. Kuyakusanya na kuyaleta ni sehemu ya kujiendeleza kwao.

6. Mapendekezo

Istilahi zifuatazo tunazipendekeza zijadiliwe. Baadhi yake zinatumika tayari. Tumejaribu tu kuziwekea mipaka.

Mafunzo tarajali: mafunzo anayopewa mtu kabla ya kuanza kazi ya kufundisha.

Mafunzo kazini: mafunzo ambayo mwajiri humpangia mtumishi aliye kazini.

Mafunzo rejea: mafunzo mafupi ya kukumbushia na kusahihisha yaliyokwisha kusomwa. Hapa ndipo usemi wa kupigwa msasa unapofaa.

Kujiendeleza kitaaluma: juhudi ya mkufunzi mwenyewe ya kuongeza ujuzi na kutazama upya kazi yake. Tunashauri kitenzi-jina hiki kibaki kama kilivyo, kisigeuzwe kuwa uendelezaji.

Ukuzaji wa taaluma: wajibu wa chuo au wizara wa kutoa muda, vitabu, zana na fedha ili wakufunzi wajiendeleze.

Jumuiya ya kujifunza: kundi la wakufunzi wa chuo kimoja, au vyuo jirani, wanaokutana mara kwa mara kutazama masomo yao wenyewe.

Warsha: mkutano ambao washiriki hutenda kazi na kutoka na kitu kilichotengenezwa. Usiokuwa hivyo na uitwe semina au mkutano.

Ubunifu wa kufundishia: badiliko katika njia ya kufundisha linalotokana na haja iliyoonekana darasani, na ambalo matokeo yake yanaweza kutazamwa.

Uvumbuzi: kufichua jambo lililokuwapo lakini halikujulikana. Neno hili lisitumike kwa mbinu za kufundishia.

Tofauti kati ya kujiendeleza kitaaluma na ukuzaji wa taaluma ina uzito wa pekee. Tukisema kujiendeleza tu, mwajiri aweza kujivua wajibu na kumwambia mkufunzi ajitafutie vitabu kwa mshahara wake. Tukisema ukuzaji tu, mkufunzi aweza kukaa akingoja barua. Maneno mawili yanawafunga watu wawili, kila mmoja kwa wajibu wake.

Tumalizie kwa kuiandika upya ile barua tuliyoanza nayo: "Wakufunzi wa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi watakutana katika warsha ya siku tatu ili kujiendeleza kitaaluma. Kila mkufunzi alete somo moja ambalo wanafunzi wake hawakulielewa. Tutalifundisha upya pamoja, na kila mmoja ataondoka na mpango wa somo aliouandika mwenyewe. Nauli na posho zitalipwa na wizara." Barua hii si fupi kuliko ile ya kwanza, lakini mkufunzi wa Kasense akiisoma anajua aendako, anajua achukue nini, na anajua kwamba anangojewa kama fundi.

Wasomaji wetu walio vyuoni, hasa wale wa mikoa ya mbali, tunawaomba wayapime mapendekezo haya kwa kazi zao za kila siku, na watuletee maneno yanayotumika huko kwao. Istilahi isiyopita darasani na karakanani bado ni mbao mbichi.